Siku Niliyomtafsiria Baba Filamu

Wiki iliyopita nilipita mbele ya duka moja mjini Moshi, mwenye duka akiwa amepiga magoti anapaka sakafu dawa nyekundu, ile ya kopo, kisha anaisugua kwa kipande cha blanketi kuukuu mpaka ing'ae. Hatua mbili kutoka hapo mwanamke alikuwa anakaanga karanga. Harufu hizo mbili zilipokutana nikasimama katikati ya njia, mtu mzima na mkoba wangu wa kazi, watu wakawa wananipita kushoto na kulia. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya ukumbi wa sinema wa utoto wetu. Waliokwenda pale enzi hizo watakumbuka na mengine: viti vya mbao vilivyojikunja vyenyewe ukisimama, pazia zito mlangoni lililokufuta uso ukiingia, na ule mwanga uliotoka kwenye tundu la ukuta wa nyuma, umejaa vumbi linalocheza.

Sisi tulikuwa watu wa Kibosho. Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kihamba, migomba juu na kahawa chini yake, na mfereji wa maji, mfongo kama tunavyouita, ukipita nyuma ya jiko usiku na mchana. Mimi nilikuwa darasa la nne. Dada yangu Filomena, ambaye wote tulimwita Filo, alikuwa amenizidi miaka kumi, amemaliza kidato cha sita na anasubiri kujua atapelekwa wapi. Filo alikuwa na mapenzi mawili. La kwanza lilikuwa maji. Alikuwa na uwezo wa kuchuchumaa kwenye mfongo nusu saa nzima akitupa majani na kuhesabu yanachukua muda gani kufika kwenye jiwe, halafu anaandika hesabu zake nyuma ya mfuko wa saruji. La pili lilikuwa filamu za Kihindi, na hilo tulikuwa nalo wote wawili.

Jumamosi moja katika kila mwezi, kazi za nyumbani zikiisha mapema, Filo alinishika mkono tukateremka mjini kwa miguu kwenda kuona filamu ya alasiri. Maneno ya Kiingereza yalikuwepo chini ya picha, lakini mashine ilikuwa imekaa vibaya, nusu ya maandishi iliangukia ukutani chini ya kitambaa cheupe, na hakuna aliyeyasoma. Mimi sikuyahitaji. Nilikuwa najua wanasema nini. Kihindi sikujua hata neno moja, lakini ungeniuliza yule mama analia akisema nini, ningekujibu bila kufikiri.

Jumatatu yake, saa ya uji, nilisimama kwenye uzio wa shule na kuwasimulia wenzangu filamu yote, nikibadilisha sauti: ya mama, ya mpelelezi, ya jambazi. Wengi wao hawakuwahi kuingia ukumbini. Walinisikiliza vikombe mikononi, uji unapoa.

Kuhusu India yenyewe nilikuwa na imani yangu kamili. Niliamini ni nchi ambayo mtu akifurahi huimba, na akiimba mvua hunyesha, na watu wasiomjua hutoka majumbani kuja kucheza naye, wote wakijua hatua. Niliamini pia kwamba mtu akipanda ndege kwenda huko, anakwenda kuingia mle mle ndani ya kitambaa cheupe.

Sasa fikiria hali yangu siku barua ilipofika parokiani kwamba Filo amepata ufadhili wa kusoma uhandisi wa maji, na kwamba anakwenda kuusomea India.

Nakumbuka niliruka mfongo kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka nikatumbukia. Kesho yake niliwatangazia wenzangu pale kwenye uzio kwamba kuanzia mwakani waangalie filamu kwa makini, watamwona dada yangu. "Mtafuteni kwenye wale wanaocheza nyuma," nikawaambia. "Atakuwa na sweta ya bluu."

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi hivyo. Kulikuwa na fomu, na fomu ilitaka saini ya mzazi kabla ya Jumatatu. Baba yetu, Mzee Melkiori, alikuwa mtu wa maneno machache na sauti ya chini. Aliisoma ile fomu mara tatu barazani, akaikunja, akaiweka juu ya redio.

"Baba, hutaweka saini?" Filo akauliza.

"Masomo yako sina shida nayo, mama. Unajua." Binti zake wote alituita mama. "Ila siwezi kumpeleka mtoto mahali ambapo sijawahi kupaona kwa macho yangu. Ukienda Masama, napajua. Ukienda Dar, nitapanda basi nikufuate. Huko nitakufuata na nini?"

Filo aliingia jikoni kwa Mama, na kupitia ukuta wa mbao nikasikia anavuta makamasi. Mama akamwambia atulie, Baba ni mtu wa kuchelewa, si mtu wa kukataa. Lakini ilikuwa Alhamisi, na Jumatatu haikuwa mbali.

Mimi nikamwendea Baba pale barazani. "Baba, India tunaweza kuiona Jumamosi," nikasema. "Iko mjini. Inaanza saa tisa."

Katika maisha yake yote Baba hakuwahi kuingia sinema. Nikadhani atanifukuza nikachume majani ya ng'ombe. Badala yake akauliza, "Na wewe unaelewa wanachosema?"

"Naelewa kila kitu, Baba."

"Basi utakuwa mkalimani wangu."

Jumamosi Filo alibaki kumenya kahawa na Mama. Aliniita pembeni, akanifunga vizuri riboni ya gauni langu la kanisani, akaninong'oneza, "Yusta, akae mbele apaone vizuri." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, jambo hili aniachie mimi.

Tulishuka na pikapu ya jirani iliyobeba ndizi za soko. Kwa kuwa tulikuwa tumewahi, Baba akasema tupite kwanza kwa Mama Kirti. Huyu alikuwa na duka la vitambaa ambako wazazi wa Kibosho walinunua vitambaa vya sare za shule, mama mnene wa Kihindi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo na futi ya kupimia shingoni. Tulimkuta anakunja kitambaa. Nikamwamkia shikamoo.

"Mama Kirti," Baba akasema baada ya kuulizana habari za biashara na za mvua, "binti yangu mkubwa ameitwa kusoma India. Nimeona nikuulize wewe mwenyeji. Kukoje huko?"

Mama Kirti akaacha kukunja. "Mzee Melkiori, mimi nimezaliwa hapa Moshi. Mama yangu kazaliwa Tanga. India sijafika."

"Hujafika kabisa?"

"Nimefika Nairobi kwenye harusi. Dar nimefika mara nyingi. India naiona kwenye filamu tu, kama nyie."

"Mimi hata kwenye filamu sijaiona. Ndiyo naenda leo."

"Basi kaione," Mama Kirti akasema, "halafu ukirudi unisimulie."

Kisha akaniambia kitu kwa Kichagga, kwamba nikae wima nisimlalie baba, na Kichagga chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Baba alitoka pale anatikisa kichwa. Kilichokuwa kinamtatiza nilikiona usoni: kama hata Mama Kirti hakujui huko, nani anakujua? Nikamvuta mkono. Sasa kila kitu kilikuwa juu ya filamu, na juu yangu.

Tukakaa mstari wa tatu. Baba alivua kofia, akaiweka gotini kama yuko kanisani. Taa zikazimwa, watu wakapiga miluzi, na moyo wangu ukapanda kama ilivyokuwa kila mara, hata nikasahau kilichotuleta.

Ilianza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ilikuwa habari ya msichana wa kijijini anayekwenda kusoma mjini, kana kwamba mtu ameitengeneza kwa ajili yetu. Mbele ya nyumba ya udongo, mzee mwenye kilemba cheupe anamwekea binti mkono kichwani, na sanduku la bati liko miguuni.

"Anasema nini huyo mzee?" Baba akaninong'oneza.

"Anasema, nenda ukasome mwanangu, Mungu akutangulie."

"Hm," Baba akasema, akasogea mbele kidogo.

Nilijiona nimeshashinda. Kisha binti akashuka kwenye treni mjini, umati wa watu, na mtu mwenye masharubu makubwa na miwani nyeusi akampokonya lile sanduku.

"Na huyu?"

"Huyu ni mwalimu mkuu, Baba. Anampokea mzigo."

Mwalimu mkuu akamsukuma binti ndani ya gari, akampeleka kwenye jumba bovu, akafunga mlango kwa kufuli.

"Mbona anamfungia?"

"Ndiyo bweni, Baba. Wanafunga mapema ili wanafunzi wasome."

Nikawa natokwa na jasho. Kwenye kitambaa, yule mtu akatoa kamba, akamfunga binti kwenye kiti. Baba akanigeukia gizani.

"Amechelewa darasani," nikasema. "Ni adhabu ndogo."

Nyuma yetu kijana mmoja akasimama kwenye kiti na kupiga kelele, "Mwachie mtoto wa watu, jambazi mkubwa wewe!" Ukumbi wote ukamuunga mkono.

"Yule kaka hajui Kihindi," nikamnong'oneza Baba.

Wakati huohuo ukuta wa jumba ukabomoka, na kijana mzuri mwenye kifua wazi akaingia akiwa juu ya pikipiki, akaanza kuwapiga watu saba kwa pamoja.

"Na huyu wa pikipiki ni nani?"

Nilitafuta kichwani mwangu mote. "Mkaguzi wa shule," nikasema.

Baba hakuniuliza tena. Nusu ya pili ya filamu, yenye nyimbo zote nilizozisubiri, mvua na maua na watu wanaotoka majumbani kucheza, niliiangalia kama mtu anayesubiri viboko. Kila nilipomtupia Baba jicho nilimkuta ameinama mbele, viwiko magotini, macho ameyakaza kwenye kona moja ya picha, mbali na wachezaji. Binti alirudi kijijini salama, mama yake akampakulia chakula, taa zikawaka. Baba akavaa kofia, akatoka. Nilimfuata nyuma, mikono yake ameikutanisha mgongoni. Nilijua nimefanya makosa mawili kwa mpigo. Nimemdanganya baba yangu, na nimemharibia dada yangu maisha.

Tulikaa kwenye ukingo wa barabara kusubiri pikapu. Mlima ulikuwa umefunuka, theluji yake imeanza kugeuka rangi ya chungwa. Baba aliniona naangalia viatu vyangu.

"Yusta."

"Abee, Baba."

"Yule wa masharubu hakuwa mwalimu mkuu."

"Hapana, Baba."

"Na wa pikipiki hakuwa mkaguzi."

"Hapana, Baba."

"Unajua Kihindi?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo waziwazi, nadhani hata mimi sikuwahi kujiuliza. Nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijui, Baba," nikasema. "Hata neno moja." Na papo hapo nikaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimelisikia jibu hilo kwa mara ya kwanza pamoja naye.

Aliniacha nilie kidogo. Kisha akauliza kwa nini nimemdanganya, nikamwambia nilitaka Dada Filo aende. Akauliza kwa nini natamani sana aende. Nikamweleza yote: kuimba, mvua, watu wanaojua hatua, na sweta ya bluu. Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Zile ni picha, mama," akasema. "Wanaigiza. Hata wangekuja kupiga picha kwetu, wangetuambia tuvae vizuri na ng'ombe tumwogeshe. Hutamwona Filo mle. Atakuwa darasani, atakuwa anafua nguo zake, siku nyingine atakuwa anaumwa tumbo. Umeelewa?"

Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa, na kweli kitu kilikuwa kinashuka ndani yangu, taratibu, kama maji yanayopungua kwenye ndoo.

"Lakini kuna kitu hawakukiigiza," Baba akaendelea. "Nyuma ya nyumba ya yule mzee uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Kulikuwa na migomba. Nimeihesabu, ni saba. Machipukizi hayajapunguzwa, imebanana hovyo, mwenyewe ni mvivu. Lakini ni migomba, na hakuna aliyeipanda kwa ajili ya picha. Na yule mama alipompakulia binti yake, ulimwona? Yeye hakula. Alikaa akamwangalia mtoto anavyokula. Mama yenu ndivyo anavyofanya." Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Mimi naogopa, Yusta. Ukichelewa kurudi shule naogopa. Kwa hiyo woga wangu hauhusiani sana na India."

Sikuwahi kumsikia Baba akisema anaogopa. Sikujua kwamba baba wanaogopa. Nilimshika kidole kimoja, tukakaa hivyo mpaka pikapu ikaja.

Tulipofika, Filo alikuwa bado kwenye mashine ya kahawa, maganda mekundu yamemjaa mpaka kwenye viwiko. Hakuthubutu kuuliza. Baba alinawa mikono, akachukua fomu juu ya redio, akaomba kalamu.

"Ukiumwa huko," akamwambia, "nani atakushika paji la uso?"

"Nitakuwa na watu, Baba," Filo akasema. "Kitu cha kwanza nitakachojifunza ni kusalimia kwa lugha yao. Kabla ya hesabu, kabla ya kitu chochote."

Baba akafikiria jibu hilo. Kisha akainama, akaandika jina lake lote, polepole, herufi moja moja. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, akaziba mdomo. Filo alicheka na kulia, akanikumbatia na maganda yake yote, gauni la kanisani likaharibika, na hakuna aliyenigombeza.

Jumatatu ilibaki kazi yangu moja. Saa ya uji nilisimama kwenye uzio, miguu mizito, nikawaambia wenzangu kwamba dada yangu hatakuwa kwenye filamu, anakwenda kusoma mambo ya maji. Na kwamba maneno yote niliyokuwa nawasimulia, ya mama na ya mpelelezi na ya jambazi, nilikuwa natunga. Kihindi sikijui.

Walitazamana. Kisha Prosper, mtoto wa fundi cherehani, akasema, "Tunajua. Haya, ya juzi ilikuwaje?"

Nikawasimulia. Nikaweka na mkaguzi wa shule.

Miezi iliyofuata ilipita kwa shamrashamra. Majirani walikuja na ushauri na ndizi, shangazi akaleta sanduku, padri akaja kuombea safari. Filo aliazima kitabu cha salamu kutoka kwa binti wa Mama Kirti, akawa anatembea kihambani anasalimia mbuzi, mikono kaikutanisha kifuani kama kwenye filamu. Mimi nilimfuata nyuma nikirudia, na kila neno jipya nililolijua kweli lilinipa furaha ya ajabu, hata kama yalikuwa sita tu.

Siku ya safari tulikwenda uwanja wa ndege wote, na majirani wawili. Filo aliagana na kila mtu, akapita mlango ambao sisi haturuhusiwi, tukapanda kwenye kibaraza cha wasindikizaji. Baada ya muda ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Tulipunga mikono mpaka ikawa kitone, Mama akilia, Baba akiwa amevua kofia. Mfanyakazi aliyekuwa anafagia akatuuliza tunamsindikiza anayekwenda wapi. Tukamwambia. "Hiyo imekwenda Zanzibar," akasema. "Yenu ni ile pale, bado hawajaanza hata kupanda."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, kisha sote tukacheka mpaka tukashikana mabega. Na tukiwa katika kicheko hicho mlango wa chini ukafunguliwa, watu wakaanza kutoka kuelekea kwenye ndege ya pili, na kati yao nikamwona Filo.

Alikuwa mdogo sana kwa mbali. Hakukuwa na muziki wala mvua. Alikuwa msichana mwenye begi zito anayetembea kwa miguu yake juu ya lami, kati ya watu asiowajua, akigeuza kichwa huku na huku kututafuta mahali ambapo hatukuwepo. Nikajua hatatuona. Nikajua pia, kwa mara ya kwanza, kwamba anaondoka.

Ndipo Baba, ambaye hata ng'ombe akitoroka hakupaza sauti, akavua koti, akaanza kulizungusha juu ya kichwa chake na kuita, "Filomena! Filomena wa Melkiori! Tuko huku!" Uwanja mzima uligeuka. Filo akasimama, akaweka begi chini, akainua mikono yote miwili, akabaki hivyo, abiria wa nyuma wakimzunguka kupita pembeni. Mimi niliruka mpaka nikaumia mguu.

Kisha akabeba begi lake, akapanda zile ngazi kwa haraka, mbili mbili. Nilimngoja ageuke mlangoni. Hakugeuka. Alikuwa anazungumza na mwanamke aliyesimama pale kupokea abiria, ameinamisha kichwa kidogo, mikono kaikutanisha kifuani. Alikuwa ameshaanza kusalimia.